Tope la gambuti linaweza kumshika mwizi wa pampu?

mpunga_chekereni:
Wakubwa shikamoni. Usiku wa kuamkia Jumanne wameniibia pampu ya petroli shambani, Chekereni. Niliifunga kwa mnyororo kwenye mgunga. Wao wakaupiga msumeno mgunga wenyewe. Namhisi kijana niliyemwachisha kazi. Kwao ni juu, Kibosho, na anaapa hajashuka huku tangu tuvune. Sasa jana kamtuma mdogo wake anirudishie gambuti zangu za kazi. Nikazigeuza: kwenye meno ya soli, juu kuna tope jekundu la kihambani, yaani la mashamba ya migomba ya kwao mlimani, chini yake jeusi tii kama la majaruba yetu. La kulia nimelikwangua kwa kisu, nikautia udongo kwenye kikopo cha siagi nikakoroga vizuri. RB ya polisi ninayo, ila afande alipoona kikopo alicheka. Kipimo kipo kweli?

boda_majengo:
Mkuu, kikopo hicho otesha mchicha.

fundi_udongo:
Kipimo kipo, ila kisu chako kimeshakula nusu ya kesi. Kukoroga nako, sijui nani alikutuma.

Ujerumani, 1908, aliuawa mwanamke aitwaye Margarethe Filbert. Mtuhumiwa, Andreas Schlicher, akadai siku hiyo alikuwa mashambani kwake. Mkemia wa Frankfurt, Georg Popp, akalibandua tope la viatu vyake tabaka kwa tabaka. Lililogusa ngozi ya kiatu lilikuwa na mavi ya bata bukini, ya uani kwake. Lililofuata, chembe za mawe mekundu kama ya pale maiti ilipokutwa. Juu kabisa, makaa, vumbi la matofali na saruji, kama kwenye magofu ya ngome alikoficha bunduki na nguo. Mawe ya mashamba yake, hata punje haikuwemo. Utamu wenyewe uko kwa mkewe: alisema viatu alivisafisha usiku wa kuamkia tukio. Tope halina tarehe, bwana. Tarehe aliiweka yule mama na brashi yake.

Wewe gambuti zako ziliona maji lini mara ya mwisho? Kama hazijaoshwa tangu mavuno, lile jeusi ni la kazi uliyomlipa mwenyewe.

Maabara wataanza na rangi. Udongo unakaushwa kivulini, unachekechwa, unalinganishwa na kitabu cha Munsell, chenye vipande vya rangi za udongo, mkavu kisha uliolowa. Nimekibeba kitabu hicho miaka 22, ukurasa wa 5YR umechakaa kwa wekundu wa huku milimani. Rangi zikikataana, mjadala umeisha. Zikikubaliana bado, maana jeusi la kwako na la jirani yako ni ndugu. Ndipo waingie kwenye darubini, madini na chavua. Mimi ningetafuta kitu kisicho cha kila jaruba. Umesema mgunga ulipigwa msumeno? Unga wa ule mti ukikutwa umenasa ndani ya tope jeusi, hapo njoo tuongee.

mpunga_chekereni:
Mzee, shikamoo. La kushoto sijaligusa. Nimelifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni.

fundi_udongo:
Marahaba. Litoe humo sasa hivi, litaota ukungu! Lifunge kwa karatasi kavu, liingize kwenye boksi, na usilichokonoe. Achukue mpelelezi mwenyewe, aandike nani kampa na saa ngapi. Pia achukue udongo kuzunguka kisiki, sehemu kadhaa, wa juujuu tu. Buti halichimbi shimo. Na wa kihambani kwa kijana vilevile, usimwonee.

mpunga_chekereni:
Lipo kwenye boksi, juu ya kabati. Mzee, mama watoto amesoma hapa akaguna. Anasema gambuti aliziosha yeye siku ile namwachisha kijana, tena kwa brashi, akijua zinabaki. Jamaa akaondoka nazo zinang'aa.

fundi_udongo:
Basi kituoni nenda na mkeo. Kikopo kiache nyumbani.