Kukopa mahadhi ya wimbo maarufu ili kuwakejeli wanasiasa

Mwanakwaya: Habari zenu, ndugu zangu. Kikundi chetu cha maigizo kinatayarisha onyesho la kuwakejeli wanasiasa, na tumegawanyika. Wenzangu wanataka nyimbo mpya kabisa, ilhali mimi nashikilia kwamba tukope mahadhi anayoyajua kila mtu na kubadilisha maneno tu, kama Capitol Steps, kundi la vichekesho vya kisiasa la Washington, walivyofanya kuanzia 1981 hadi 2021. Naamini njia hiyo huchoma zaidi, lakini nashindwa kuwaeleza kwa nini.

Mzee wa Pambio: Usilegeze msimamo, mwanangu. Mwaka 2002 umati wa Kenya katika mikutano ya NARC, muungano wa vyama vya upinzani, uliimba "yote yawezekana bila Moi" kwa mahadhi ya pambio la kanisani lisemalo "yote yawezekana kwa imani". Hebu hesabu silabi: kwa-i-ma-ni ni nne, bi-la-Mo-i ni nne, na zote huishia kwa "i". Hakuna aliyehitaji kufundishwa, kwa kuwa watu walikuwa wameliimba pambio hilo tangu utotoni, na kila walipotaja jina la rais aliyetawala kwa miaka 24, neno "imani" lilikuwa bado linasikika chini yake. Wimbo mpya, hata uwe mtamu namna gani, hauna neno la zamani la kulijibu.

Binti Pwani: Shikamoo, Mzee. Uliyoyasema yananikumbusha kinyume tulichocheza utotoni, ambapo "nyumba" huwa "mbanyu" na msikilizaji huipanga mwenyewe kichwani. Capitol Steps nao walikuwa na kipande cha kugeuza herufi za mwanzo za maneno namna hiyo hiyo, na nadhani siri ni moja, kwamba neno zito analikamilisha msikilizaji, wala si mwimbaji. Tena waanzilishi wao walikuwa wafanyakazi wa ofisi ya Seneta Charles Percy, waliotunga kwa ajili ya sherehe ya Krismasi, hivyo waliwakejeli watu waliowafahamu kwa karibu. Ninyi pia mchagueni mtu mnayemjua kwa matendo yake.

Msoma Sheria: Naomba niongeze tahadhari. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kundi la muziki wa rap la 2 Live Crew, iliamua kwa sauti moja kwamba hata mzaha wa kibiashara unaweza kuwa matumizi halali ya wimbo wa mtu. Hata hivyo, ilitofautisha kuukejeli wimbo wenyewe na kuutumia wimbo kumkejeli mtu mwingine, na hili la pili, ambalo ndilo mnalolikusudia, linahitaji sababu nzito zaidi. Kwa kuwa kila nchi ina sheria yake, ombeni ruhusa ya mtunzi au chagueni mahadhi ya kale yasiyomilikiwa na mtu.

Mwanakwaya: Marahaba ya Mzee nimeisubiri kwa niaba ya Binti Pwani, na asanteni nyote. Kesho jioni, kabla hatujapiga kura, nitawaimbia wenzangu pambio lile kwa maneno ya kanisani, kisha kwa maneno ya 2002.