Yule dada wa vipini kasema pua yangu ina ushamba. Pua! Ushamba!

Mwali wa Chikongola (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka, naandika huku nafuta machozi ya hasira na ya pua kwa pamoja. Nauliza swali moja tu: pua inakuwaje na ushamba?

Simtaji maana mnamjua. Wa Mtwara mjini mnamjua, wa Mikindani mnamjua, na nyie wa Lindi mnaopanda Coaster kuja kufunga mzigo wa sikukuu mnamjua vilevile. Yule mwenye meza ya kioo na kile kitaa cheupe kinachofanya hata kijiko kimeremete. Yule anayekuita "mamaa" ukiwa na hela na "we dada" ukirudi na shida. Huyohuyo.

Nilinunua kipini kwake. Akaapa kwa Mola, akaapa kwa mama yake, akamalizia na marehemu bibi yake aliyezikwa Newala: "Dhahabu ya Dubai hii, mamaa, utazikwa nayo." Elfu 15. Na wewe unayetaka kuandika "dhahabu gani ya elfu 15", kaa kimya kwanza niongee.

Hata wiki haijakatika, pua imeumuka kama andazi lililozidishwa hamira. Tobo linatoa majimaji, kulala ni upande mmoja, asubuhi foronya ina doa la njano. Nikipangusa na tishu inabaki duara ya kijani. Kijani, wakuu! Kidogo tu nianze kuota majani. Nikakichomoa kwa kilio, nikakisogeza dirishani nikitazame vizuri. Kichwa bado kinang'aa, kizuri kweli. Ule mguu unaoingia ndani ya pua ndio umebanduka: chini ya njano kuna kitu cha kijivu, kina mikwaruzo, ukipitisha ukucha unakwama.

Basi nikarudi. Kwa adabu zangu zote, kipini nimekifunga kwenye tishu. "Dada yangu, kipini chako kimeniumiza." Meza imejaa watu, kuna biharusi na mashangazi zake wanachagua seti. Akaniinua kidevu kwa kidole kimoja, akaitazama pua kulia, akaitazama kushoto, akawageukia wateja wake: "Kipini hakina shida. Pua yake ndiyo ina ushamba, haijazoea dhahabu."

Watu wakacheka! Shangazi mmoja alicheka mpaka akashika meza. Bajaji iliyokuwa inapita ikapunguza mwendo, abiria akatoa kichwa nje aione.

Pua. Yangu. Ina. Ushamba.

Pua hii ina kidato cha sita! Pua hii imepanda ndege! Pua hii imekulia Mtwara, inajua pweza wa leo na wa jana ikiwa ng'ambo ya barabara. Leo mtu anauza mabati yaliyopakwa rangi anaiita mshamba mbele ya biharusi!

Hela yangu siitaki. Sawa, naitaka. Ila nataka kwanza aniambie ni kitu gani aliniwekea puani, maana nilipomuuliza alijibu "metali". Metali! Jembe nalo ni metali.

Na kile kidole alichoniinulia kidevu. Kidole kimoja, wakuu.

Siti ya Mbele

Nimeshakaa. Bila picha ya pua uzi haujatimia.

Mtani wa Masasi

Pole sana dada. Ila kusema kweli, pua ya mjini ingenusa bei ikashtuka. Elfu 15 kwa sonara huoni hata vumbi la kwenye meza yake. Dada wa watu hajakosea, kaipa pua yako cheti chake.

Mwali wa Chikongola

Mtani wa Masasi, nilijua utakuja. Wewe na yule dada ni pipa na mfuniko. Si ajabu ni binamu yako.

Mtani wa Masasi

Angekuwa binamu yangu ningepata punguzo.

Mjukuu wa Sonara

Ngoja niseme kidogo halafu nirudi kucheka na wenzangu. Babu alikuwa sonara, nimekulia chini ya meza yake. Dhahabu inagongwa namba: 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Ya karati 24 ni laini, mguu wa kipini unapinda. Tobo jipya lipe karati 14 au 18, tena ambayo sonara mwenyewe anakuhakikishia hakuchanganya na nikeli, kwa sababu ya karati hizo haitembei peke yake, lazima ipate metali mwenzake ya kuikaza.

Hiyo yako ni ya kuchovya. Utando mwembamba wa dhahabu juu, chini shaba iliyochanganywa, na katikati mara nyingi wanapiga nikeli ili ing'ae. Jasho la Mtwara na chumvi vikiula utando, vya chini vinatoka. Kijani ni shaba. Mwasho na uvimbe, mtuhumiwa wa kwanza ni nikeli.

Na namba nayo inagongwa na yeyote mwenye nyundo, msije mkasema sikuwaambia.

Mwali wa Chikongola

Asante. MMEONA? Shaba na nikeli! Halafu mshamba awe pua!

Bibi wa Newala

Wajukuu, hamjambo. Mama yangu mimi alivaa ndonya, lile pambo la kutoboa mdomo wa juu, mpingo mtupu. Alianza na kijiti, akawa anaongeza pole pole mpaka ikakaa ile kubwa. Hakuna aliyemuuzia kwa kuapa. Sisi masikio tulitobolewa kwa mwiba, tukatiwa chelewa za ufagio, yakapona. Nyie mnataka kung'aa siku ya kwanza.

Mtani wa Masasi

Shikamoo Bibi. Mwali apewe ndonya tu, hiyo haina Dubai.

Bibi wa Newala

Marahaba. Hana mdomo wa kubeba ndonya huyo, huo alionao umeshajaa maneno.

Sindano na Glovu

Nacheka na nyie, lakini kazi yangu ni kutoboa watu, kwa hiyo nivumilieni. Bibi, heshima zako, ila mti hatuweki kwenye kidonda kibichi. Mti una vinyweleo, unakunywa majimaji, na ukiuchemsha unapasuka. Tobo likishapona kabisa, vaa mpingo mpaka uchoke.

Kwa tobo jipya, cha kwanza kwangu ni titaniamu. Si kila kitu kilichoandikwa titaniamu, uliza ile ya F136, ya daraja lilelile la vyuma wanavyofungia mifupa iliyovunjika. Nyepesi, karibu nusu ya uzito wa stili, pua haivutwi. Haitoi nikeli, haishiki kutu. Na zile rangi zake za bluu na zambarau hazipakwi, wanaipitishia umeme ngozi yake inageuka rangi, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Niobiamu, metali nyingine, nayo haitoi nikeli na rangi zake ni za hivyohivyo, ila huku kwetu kuipata ni mtihani.

Stili sasa, hapo ndipo watu wanapigwa. Ile 316L ina nikeli asilimia 10 hadi 14. Imeshikwa vizuri ndani, wengi haiwasumbui, lakini aliyekwisha kuwa na aleji asithubutu. Na aleji ya nikeli ikishaingia mwilini haitoki, unaishi nayo: saa, kifungo cha jinzi, bizimu ya mkanda, kila mahali unawashwa. Ulaya walianza kuibana kwa sheria tangu 1994. Kitu kinachopita ndani ya tobo, nikeli inayovuja kwa wiki haitakiwi kufika mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba. Hapo kwenye meza ya kioo nani anapima?

Silva iliyogongwa 925 ni fedha asilimia 92.5, iliyobaki kwa kawaida shaba. Nzuri kwa sikio lililopona zamani. Kwenye kidonda inaingia weusi na inaweza kuacha doa la kudumu kwenye ngozi.

Mwali, pua inachukua miezi 4 hadi 6 kupona, wengine zaidi. Kipini kikiwa kibaya kinabadilishwa kinawekwa salama, hakichomolewi tobo likaachwa hivihivi: likijifunga huku ndani kuna usaha unakusanya jipu. Nenda zahanati leo. Usafi ni maji ya chumvi yale ya dukani ya asilimia 0.9. Spiriti hapana, dawa ya meno hapana, majivu hapana.

Kaka wa Shangani

Bahari iko pale bure, ina chumvi ya kutosha. Aizamishe tu.

Sindano na Glovu

Bahari ina chumvi na kila ulichokitupa wewe humo. Hapana.

Mwali wa Chikongola

Zahanati naenda. Lakini hakuna hata mmoja aliyegusa kile kidole. Aliniinua kidevu kwa KIDOLE KIMOJA, mbele ya biharusi. Biharusi yule akienda kuolewa leo kitu cha kwanza atamsimulia mumewe ni pua yangu.

Nusu Karati

Dawa ni sumaku. Nenda na sumaku ya spika mbovu, kipini kikinasa kitupe, kisiponasa vaa.

Mjukuu wa Sonara

Kikinasa kitupe, hapo sawa. Kisiponasa bado hujajua kitu: shaba hainasi, silva hainasi, hata hiyo 316L yenye nikeli yake hainasi. Kuna dawa ya matone, unadondoshea kwenye pamba unasugua kipini, pamba ikigeuka rangi ya waridi, nikeli hiyo hapo. Sumaku rudisha kwenye spika.

Nusu Karati

Basi mimi nilivaa hereni za elfu 2 miaka yote na masikio yangu yako salama. Hii chai tu.

Mwali wa Chikongola

Masikio yako hayana hisia. Ndiyo maana umesoma uzi mzima hujaelewa.

Mama Gauni

Jamani, mimi nimewahi kuambiwa zaidi ya hapo. Kuna fundi cherehani, mnamjua, yule mwenye tepu shingoni hata msikitini. Nimempelekea kitenge cha harusi ya mdogo wangu, akanirudishia gauni bega moja liko Mtwara, lingine liko Lindi. Nikalalamika. Akaniambia, "Gauni liko sawa, mabega yako ndiyo hayaelewani."

Siti ya Mbele

Hahahaaa mabega hayaelewani! Mama Gauni fungua uzi wako, nahamia huko.

Mwali wa Chikongola

Pole Mama Gauni, lakini mabega yanafunikwa na mtandio. Pua naifunika na nini? Turudi kwenye pua.

Mama Gauni

Mtandio kwa jua hili? Na bega lilikuwa limechanika, mwenzangu.

Dereva wa Usiku

Bajaji nayo mnaitaja mnaiacha. Ile iliyopunguza mwendo kuangalia pua, abiria alilipa? Maana abiria wa Mtwara mkifika mnasema "nimeacha hela ndani, nisubiri", mtu anasubiri mpaka adhana ya magharibi.

Kaka wa Shangani

Nyie mnaokataa kurudisha chenji tuwaseme lini?

Dereva wa Usiku

Chenji ipi? Unanipa noti ya elfu 10 kwa safari ya mpaka pale Bima, mimi benki?

Mkulima wa Tandahimba

Tukifungulia malalamiko basi na mimi niseme. Kuna jamaa wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa kichochoroni, sote huku tunamjua, anapita na bakuli lake korosho zikiwa bado juu ya mti. Ukiwa na mgonjwa ndani anakuja na hela mkononi na maneno matamu. Bakuli lina kitako kirefu hicho, anakushindilia mpaka linamwagika anasema "hii ni moja". Msimu ukifika mnadani unaona bei waliyopata wenzako unatamani kulia.

Mtani wa Masasi

Wa kangomba ndiye baba yao wote hawa. Kipini, gauni, vyote watoto.

Mwali wa Chikongola

Jamani, pua...

Mkulima wa Tandahimba

Dada pole, tumeshakuelewa, nenda zahanati. Wakuu, hela yenyewe ya kangomba niliichukua kwa sababu pampu ilinigomea katikati ya kupulizia salfa. Ugonjwa wa ubwiri unga umeshaingia kwenye maua ya mikorosho, pampu inakohoa, mwenye duka aliyeniuzia ananiambia pampu nzima, mgongo wangu ndio mdogo.

Mjukuu wa Sonara

Mgongo mdogo! Pampu ya mgongoni yenyewe imekufa au inawaka halafu inazima?

Mkulima wa Tandahimba

Inawaka, ikishika moto inazima. Ikipoa inawaka tena.

Kaka wa Shangani

Kabureta hiyo, au plagi. Badilisha plagi kwanza, ni rahisi. Umechanganya oili kwenye petroli kwa kipimo?

Mkulima wa Tandahimba

Nakadiria kwa kizibo.

Kaka wa Shangani

Kizibo cha nini sasa, cha maji au cha soda?

Dereva wa Usiku

Mimi ninayo kabureta ya akiba, nilinunua pampu mbovu nikaichambua. Niko Nanyamba mpaka jioni. Njoo na elfu 10, na uje na chenji.