Tupeane uzoefu: paka anaingia nyumba yenye hamsta, sungura au ndege

Mlinda Tundu

Wakuu, kuna swali hurudi kila paka anapotajwa humu: "Hamsta wangu yuko ndani ya tundu, paka atamfikia wapi?" Tundu lilitengenezwa ili hamsta, yule mnyama mdogo wa kufugwa jamii ya panya, asitoke. Aliyelitengeneza hakuwa akimfikiria paka. Na tundu hilohilo linamnyang'anya mnyama mdogo kinga yake ya kwanza, kukimbia. Kwa hiyo ulinzi uanzie kwenye mlango wa chumba, tundu liwe ngome ya mwisho.

Siku 7 kabla paka hajafika, wahamishie wanyama wadogo kwenye chumba kitakachokuwa chao, wasije wakakutana na chumba kigeni na harufu ngeni kwa mpigo. Paka naye aanzie chumba chake, chenye maji, chakula, boksi la mchanga na mahali pa kujificha. Wiki ya kwanza hawaonani kabisa. Kinachovuka ni harufu tu: msugue paka mashavuni kwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa kikae upande wa pili wa chumba cha sungura. Usikitie ndani ya tundu. Sungura akinusa na kuendelea kula, kesho yake kisogeze kidogo. Akiganda au akipiga chini kwa mguu wa nyuma, kirudishe kilipokuwa.

Siku ya kuonana wawe watu wawili, mmoja na paka, mmoja karibu na tundu. Paka awe ameshacheza na kushiba. Dakika 5, basi.

Leteni na nyinyi mnayoyajua, hasa yanayokwenda vibaya na sababu zake.

Fundi Bawaba

Umetaja tundu, nikakumbuka vilango. Kilango cha kuinua juu ndicho kibaya kuliko vyote. Paka huingiza kucha chini yake na kuvuta juu, kilango kinapanda. Akitoa mkono kinashuka chenyewe. Asubuhi unakuta tundu limefungwa vizuri na ndani hamna kitu. Kila kilango kiwe na kulabu yenye springi, au waya mgumu uliosokotwa mara 3.

Nafasi kati ya waya na waya: hamsta wa Siria isizidi sentimita 1, hamsta wadogo na panya weupe isizidi milimita 6, kasuku wadogo milimita 10 hadi 12. Simbilisi, yaani guinea pig, hatoki kwenye sentimita 2.5, lakini mkono wa paka unaingia hapo bila shida. Tundu la namna hiyo lifunikwe kwa wavu wa waya uliochomelewa, wenye matundu ya milimita 12.

Wavu wa kuku, ule wa pembe sita, uacheni. Unamzuia kuku kutoka, haumzuii mwindaji kuingia. Waya wake mwembamba unapinda, matundu yanapanuka. Na wavu wowote ufungwe kwa skrubu na washa (kile kisahani cha chuma cha chini ya skrubu) kila sentimita 10. Pini za stepla hung'oka paka wa kilo 4 akiurukia mara mbili tatu.

Halafu kuna matundu ya waya juu, trei ya plastiki chini, yameshikwa na klipu 4. Likisukumwa likaanguka kutoka mezani, klipu zinaachia na mnyama yuko sakafuni mbele ya paka. Liweke chini, au lifunge kwa mkanda kwenye kabati lililoshikizwa ukutani. Rafu ya juu peke yake haisaidii, paka mzima huruka mita 1.5 bila kukimbia.

Sharubu

Kilango cha kuinua, naunga mkono kwa mikono miwili. Niongeze kitasa cha mlango. Kile cha mkono uliolala, paka hukirukia na kuning'inia hadi kifunguke. Weka komeo upande wa juu wa mlango.

Binti Kengele

Mvisheni kengele shingoni, mengine yote yatapungua.

Mlinda Tundu

Hapana dada. Kengele inamsaidia ndege wa nje mwenye pa kurukia. Hamsta akiisikia aende wapi? Paka anayevizia hutembea polepole hata kengele isilie, na siku inayobaki mnyama mdogo anakaa na mlio huo masikioni.

Binti Kengele

Sikusema ni ya hamsta. Kengele inamwamsha mwenye nyumba pale mlango unaposahaulika wazi. Usinilishe maneno.

Fundi Bawaba

Basi kengele ining'inizwe kwenye mlango wenyewe. Mlango ukisogea inalia, paka atembee polepole atakavyo. Na mkanda wa shingoni, kwa atakayeuvisha, uwe na kifungo kinachoachia ukinaswa, la sivyo paka mwenyewe atanyongwa na tawi au mguu wa kiti.

Binti Kengele

Hilo la mlangoni nalikubali.

Kipaka Mwema

Mbona mnajitesa? Chukua mtoto wa paka, akue nao, atawaona ndugu zake.

Sharubu

Mkuu, hilo lilishapimwa. Mwanasaikolojia wa Kichina Zing-Yang Kuo alichapisha mwaka 1930 majaribio ya kulea watoto wa paka pamoja na panya. Waliokua na panya hawakuua panya wa aina waliyokua nayo, ila wachache waliua panya wa aina nyingine. Waliomwona mama yao akiua panya, wengi wao waliua.

Kipaka Mwema

Si umethibitisha nilichosema? Wa kwake hakumgusa.

Sharubu

Wa kwake aliyefumbua macho akamkuta. Paka hujifunza nani ni mwenzake hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7. Wewe unamchukua ana wiki 8 au zaidi, na mama yake alimfundisha nini hujui. Mtoto wa paka pia anarukia kila kinachosogea, mchana kutwa. Kama unachagua, chukua paka mzima mtulivu ambaye ameshaishi na wanyama wadogo na anayemtunza anaweza kukueleza tabia yake.

Binti Kengele

Na akishibishwa?

Sharubu

Kushiba kunapunguza, hakuondoi. Paka aliyeshiba bado anavizia na bado anaua, akamwacha bila kumla. Kinachosaidia ni kumchezesha dakika 10 hadi 15 jioni kwa kamba yenye manyoya, umwache aikamate kabisa, halafu umpe chakula. Atakula, atajilamba, atalala.

Chiriku wa Asubuhi

Ngojeni kidogo. Mnabishana kuhusu kuua, wakati paka hahitaji kuua. Anahitaji ukucha mmoja tu upite.

Mambo huenda hivi. Ni saa 11 alfajiri, muda ambao paka huchangamka. Kasuku mdogo amelala kwenye kijiti kilichofungwa karibu mno na waya, mkia umetokeza nje sentimita 3. Paka yuko chini yake muda mrefu, mwili umelala sakafuni, ncha ya mkia inachezacheza, mboni zimejaa jicho zima. Haruki juu ya tundu. Anasimama kwa miguu ya nyuma na kuigusa trei kwa chini. Ndege anashtuka. Gizani haoni, anapiga mbawa huku na huku, anagonga waya upande huu, anagonga upande ule, na mara moja anagonga upande wenye mkono wa paka. Ukucha unanasa ubawa. Sekunde moja hivi.

Taa inawashwa, paka anakimbia. Manyoya matatu yako sakafuni. Ndege amerudi kwenye kijiti, damu haionekani. Mwenye ndege anashukuru Mungu na kurudi kulala. Asubuhi ndege anadonoa mbegu mbili tatu. Mchana amejivimbisha manyoya, macho nusu. Kesho yake yuko chini kwenye trei, miguu juu.

Kilichomuua kiliingia na ule ukucha. Mdomoni mwa paka mna bakteria, mashuhuri akiwa Pasteurella multocida, na paka hujilamba kucha mchana kutwa. Jino lake linatoboa tundu dogo kama la sindano, ngozi inajifunga juu, uchafu unabaki ndani. Ndege mdogo anaweza kwisha ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo ndege aliyeguswa na paka ni mgonjwa wa dharura hata akiwa anaimba. Aonwe na daktari wa wanyama siku hiyohiyo, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni paka.

Kipaka Mwema

Duh. Hata kama jeraha halionekani?

Chiriku wa Asubuhi

Hata kama. Tafuta manyoya yaliyolowa na kugandamana, hapo mate yamefika. Ukishindwa kuona chochote, bado mpeleke.

Binti Kengele

Njiani anashikwaje? Wengine tukiogopa tunabana.

Chiriku wa Asubuhi

Usimbane kifua kabisa. Ndege hana kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kama chetu, anavuta pumzi kwa kutanua kifua, ukikibana anakosa hewa mkononi mwako. Mfunike kwa taulo jepesi, mwinue, mtie kwenye boksi dogo lenye giza na matundu ya hewa. Ndani tandika kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Upande mmoja weka chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, upande mwingine uwe wa kawaida ili asogee mwenyewe akiona joto limezidi. Nyuzi joto 28 hadi 30 za Selsiasi zinamtosha. Damu ikitoka, gandamiza kwa upole na kitambaa safi. Usimnyweshe maji kwa nguvu, yataingia kwenye njia ya hewa. Usimpake spiriti.

Kipaka Mwema

Kama kuna mabaki ya amoksilini nyumbani, si aanze nayo wakati anasubiri?

Nyasi Kavu

Usithubutu! Samahani kwa ukali, lakini hapa ndipo wanyama wengi wanapopotea. Sungura, simbilisi au hamsta akinyweshwa amoksilini au penisilini nyingine, bakteria wazuri wa utumbo wanakufa, wabaya wanashamiri, na sumu yao inamuua. Dawa wanayoandikiwa ni nyingine, na dozi inapimwa kwa uzito.

Chiriku wa Asubuhi

Ahsante kwa kuwahi. Na kwa ndege dozi ya kukisia ni hatari vilevile, kasuku mdogo ana gramu 30 hadi 40 tu.

Nyasi Kavu

Kwa kuwa nimeshaingia, niseme ya sungura na simbilisi, maana uzi umehamia kwa ndege wote. Hawa hofu peke yake inawaumiza. Sungura akishtuka akarusha miguu ya nyuma kwa nguvu anaweza kuvunja mgongo wake mwenyewe. Asipokula saa 12 mfululizo, au vibonge vya kinyesi vikipungua na kuwa vidogo, utumbo umeanza kusimama. Hiyo haingoji kesho. Wiki za kwanza za paka, angalia trei ya kinyesi kila asubuhi kabla ya kitu kingine.

Kila tundu liwe na nyumba ya kujificha yenye milango 2, asije akazibiwa ndani. Hamsta apewe maranda ya kina cha sentimita 20 na kuendelea, achimbe mpaka asionekane. Pande 3 za tundu zifunikwe kwa ubao au kitambaa kizito, upande mmoja ubaki wa hewa.

Dawa za viroboto: ile ya kudondoshea shingoni yenye fiproni anayopewa paka ni sumu kwa sungura. Ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka mwenyewe. Paka akidondoshewa, akae mbali na wengine mpaka ikauke kabisa, na unawe mikono.

Nyasi kavu zihifadhiwe kwenye pipa lenye kifuniko. Paka hupenda kuzikojolea na kuzinyea, na kinyesi chake kinaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa viitwavyo toksoplazma. Vijidudu hivyo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuambukiza, kwa hiyo boksi la mchanga lisafishwe kila siku. Simbilisi wana lao jingine: paka anaweza kubeba bakteria aitwaye Bordetella bila kuumwa, simbilisi akaipata na kuugua mapafu. Paka mwenye chafya asiingie chumba chao.

Sharubu

Pande 3 zifunikwe, kweli kabisa. Na kijiti cha ndege kikae katikati ya tundu, mkia usifike kwenye waya upande wowote.

Kipaka Mwema

Paka wangu anakaa mbele ya tangi la samaki muda mrefu, ametulia. Hiyo ni salama?

Mlinda Tundu

Kutulia si kigezo, mkuu. Angalia meno yakigongana kwa mlio wa tiktiktik, masikio yaliyoelekea mbele, jicho lisilopepesa. Ukimwita jina naye hageuzi hata sikio, mtoe kwa kumvuta na kitu cha kuchezea. Usimrushie maji wala kumpiga, atajifunza kuvizia ukiwa haupo.

Samaki wenyewe: lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 60 paka haliangushi, bakuli la lita 5 analiangusha. Tatizo la tangi kubwa ni kifuniko. Paka hupenda kulala juu yake kwa sababu ya joto la taa, na kifuniko chepesi cha plastiki kinapinda katikati. Kiwe cha kioo kinene au kiwekwe fremu ya wavu inayobeba uzito wake. Nyaya za umeme zishuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuichomeka, ili maji yanayotiririka yadondokee sakafuni.

Binti Kengele

Na baada ya mwezi mzima bila tukio, mlango unaweza kuachwa wazi?

Fundi Bawaba

Kwa sungura mkubwa wa kilo 2 na zaidi na paka mtulivu, ukiwa umekaa nao chumba kimoja, ndiyo. Ukitoka hata kwenda msalani, unafunga. Kwa hamsta, panya, simbilisi na ndege, mlango hauachwi wazi paka akiwa nje ya chumba chake, mwezi wa kwanza wala mwaka wa tano. Na kila Jumamosi pitia skrubu zote kwa bisibisi, mbao hukauka na washa hulegea.