Faji wakubwa kupita kiasi: hawa bado ni virusi kweli?

labu_ya_wandegeya
Habari zenu wanabiolojia. Niko mwaka wa tatu hapa Kampala, projekti yangu ni kutafuta faji (virusi vinavyoshambulia bakteria) wa E. coli, bakteria wa utumbo, kwenye maji ya mfereji wa Nakivubo. Nasoma kwamba faji wengi wa kawaida wana jenomu (DNA yao yote) ya jozi za besi, yaani herufi za DNA, elfu hamsini hivi, sawa, lakini kumbe kuna wengine wanafika jozi 735,000! Banange, Mycoplasma genitalium ambayo ni bakteria kamili ina kama 580,000 tu. Sasa hawa ni virusi gani, na mbona mimi kwenye sahani zangu za kufugia bakteria sioni hata mmoja?

dada_wa_mbale
Ndugu, chujio lako ni la mikroni 0.2 sindiyo? Basi wengine unawatupa mwenyewe. Faji G wa Bacillus megaterium, ambaye ndiye jitu kati ya wale waliofugwa maabara (jenomu karibu 498,000), kichwa chake peke yake kinapita nanomita 150 na bado hujahesabu mkia, atapitaje hapo kwa raha? Halafu ile agari ya juu (jeli yenye bakteria na faji) punguza uzito, iwe laini sana, maana mwili mkubwa unasambaa polepole na doa la bakteria waliouawa linakuwa dogo mpaka hulioni. Zungusha sampo kwenye sentrifuji taratibu kuondoa bakteria, sio kuchuja kila kitu.

Ila yule wa 735,000 usimtafute kwenye sahani, alijulikana kwa kusoma DNA moja kwa moja kutoka kwenye mazingira. Ni kazi ya kina Jill Banfield wa Berkeley, 2020, walitoa jenomu 351 zinazopita 200,000, na hapo 200,000 ndipo watu wanaanza kumwita faji jitu.

okello_bio
Na pia unafuga E. coli peke yake, kwa hiyo utapata wa E. coli peke yake. Wale wanaoitwa Lak, zaidi ya 540,000, walitangazwa 2019 kutoka matumbo ya watu wa Bangladesh na Tanzania, nyani wa Afrika na nguruwe wa Denmark. Wanashambulia Prevotella, bakteria wa tumboni ambaye hapendi oksijeni kabisa. Sisi wala posho na maharagwe Prevotella tunayo kwa wingi, sishangai kama hao Lak wamejaa kwenye huo mfereji wako wakikuangalia tu.

labu_ya_wandegeya
Webale dada, chujio ni 0.2 kweli, ndivyo protokali inavyosema. Lakini DNA yote hiyo ya nini?

mwalimu_arua
Kujitegemea, kijana wangu. Wengi wanabeba tRNA zao, yaani vibebea malighafi ya protini (Lak mpaka kama 35), wengine hata protini kadhaa za ribosomu, ile mashine ya kutengeneza protini, yaani ni mgeni anayekuja kwako na sufuria na mkaa wake, anachotaka ni jiko tu. Lakini ribosomu nzima hakuna hata mmoja aliye nayo, kwa hiyo ni virusi, hizo habari za "nusu hai" mimi sizitaki.

Kinachonifurahisha zaidi ni wale wa bakteria Pseudomonas, kama phiKZ na 201phi2-1. Wakiingia ndani ya bakteria wanajenga ganda la protini kuzunguka DNA yao, kama kiini cha seli vile, ilionyeshwa 2017, na nyuzi za protini nyingine zinalisukuma likae katikati ya seli. Vimeng'enya vya bakteria vya kukata DNA, pamoja na CRISPR (kinga ya bakteria dhidi ya virusi) ya kukata DNA, havipenyi. Lakini RNA, nakala ya maagizo ya DNA, lazima itoke nje ya ganda ili protini zitengenezwe, basi bakteria wenye CRISPR ya kukata RNA wanamkamatia faji hapo mlangoni.

kabale_farmer_boy
Samahani mimi sio mwanasayansi ila nalima viazi, huu mnyauko wa bakteria unatumaliza. Hao majitu hawali Ralstonia, bakteria anayeuleta?

dada_wa_mbale
Wapo kaka. RSL1, jozi kama 231,000, Wajapani walimjaribu kwenye nyanya akazuia mnyauko. Lakini ilikuwa nyanya za majaribio, sio shamba la Kabale lenye udongo wake na mvua yake, usije ukauziwa dawa ya chupa na mtu. Kwa sasa ni mbegu safi, kung'oa mimea inayonyauka na kubadilisha mazao. @labu_ya_wandegeya ukimaliza na Nakivubo omba sampo ya udongo wa huyu kaka, Ralstonia inakubali oksijeni, utateseka kidogo kuliko na Prevotella. Ila ongea na supavaiza wako kwanza.