Naomba ushauri: Jerome Robbins nimfundisheje?

Wakuu, habari za leo. Nafundisha dansi sekondari, na muhula ujao nataka kumgusia Jerome Robbins, mtunzi wa dansi wa New York. Mwaka 1944 alitunga baleti ya Fancy Free, mabaharia watatu wako likizo wanagombania wasichana, na mwaka huohuo ikazaa igizo la muziki pale Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho jijini New York. Kisha 1957 akaongoza igizo jingine la muziki, West Side Story: vijana wa mtaani wanaalisha vidole, mara hatua zao zinageuka dansi. Mimi hapo ndipo huwa hoi!

Kinachonitatiza ni 1953, alipowataja wenzake mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti. Niliseme mapema, au waione kazi yake kwanza? Na kwa vijana wasiojua baleti kabisa, mngeanza na ipi?