Naomba ushauri: mhusika wangu amfungulie mgeni mlango au amwache nje?

Wakuu, habari za jioni. Naandika hadithi ya Dar baada ya dunia kuisha. Umeme hakuna, na kwa kuwa maji ya Mto Ruvu huletwa mjini kwa pampu, mabomba nayo yamekauka. Dada mmoja amejificha Kigamboni na mdogo wake, wanakunywa maji ya kisima yenye chumvi. Jioni moja mzee anavuka daraja kwa miguu, kabeba dumu la maji yasiyo na chumvi, anapiga hodi. Anajimiminia kikombe, anakunywa yeye kwanza, analisukuma dumu kwa mguu hadi kizingitini, kisha anarudi nyuma hatua tano.

Hapo nimekwama, wiki ya pili sasa. Dada akifungua, namwona mjinga (mimi mwenyewe dalali alishanilia kodi ya miezi 6, labda ndiyo sababu). Akimfukuza, hadithi imekufa. Nilijaribu kumfanya mzee awe mjomba wao aliyepotea, nikacheka mwenyewe nikafuta.

Ninyi mngetaka kuona nini kwa mtu msiyemjua ndipo mfungue? Na zingepita siku ngapi kabla hamjathubutu kulala yeye akiwa macho?