Tupeane uzoefu: korongo lilianzaje kula shamba lenu?

Mkuu wa Kolo: Wakuu, juzi nimepita Kondoa, nikaona msitu pale tulipozoea kuona makorongo mekundu yaliyochimbwa na maji ya mvua. Nani mwingine ameishi na korongo nyumbani? Tiririkeni.

Binti Haubi: HADO, yaani mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, wakachimba matuta na kupanda miti, ng'ombe wakakanyaga kila kitu. 1979 ikatoka amri mifugo yote iondoke, mbuzi nao. Babu akaswaga wake hadi kwa shemeji nje ya eneo lililofungwa. Nyumbani hakuna maziwa, hakuna samadi, mtama ukawa mwembamba. Ila kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya, tusidanganyane. Usiku mmoja ilinyesha mvua, korongo likapanda hadi makaburini. Asubuhi sanda ya babu mkubwa inaning'inia ukingoni. Wanaume wakashuka kwa kamba kumtoa.

Jembe Butu: Duh!

Mfugaji Halisi: Kila siku lawama kwa ng'ombe. Nani alilima mteremko kutoka juu kwenda chini? Nani anachoma mkaa?

Mkaa Safi: Unapikia nini wewe? Mate?

Ng'wana Shinyanga: Kwetu miti ilifyekwa tangu enzi za mkoloni kuua mbung'o, halafu ikaja pamba. HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza 1986 ikarudi kwenye ngitili za wazee: unafunga malisho masika, unafungua kiangazi kikikaza. Miti ikajiotea yenyewe. Kwa hiyo ng'ombe na miti wanakaa pamoja, mkitaka.

Jembe Butu: Hayo ya ngitili baadaye. Babu mkubwa mlimzika wapi tena?

Binti Haubi: Mlimani, karibu na msikiti.

Fundi Matuta: Ushauri: usihangaike na korongo lenyewe, anzia juu maji yanakotoka. Chimba mtaro wa fanya juu unaokatiza mteremko, udongo utupe upande wa juu.

Mama Mkonge: Mimi nilipanda makatani ukingoni, limetulia.

Fundi Matuta: Limetulia mwaka huu. Maji yatapita chini ya mizizi.

Bosi Mtaani: Uza shamba, nunua bodaboda.

Mfugaji Halisi: Na wewe utakula tairi.

Jembe Butu: Majani ya tembo ya kupanda kwenye tuta yanauzwa wapi?

Mama Mkonge: Hayauzwi, omba kwa jirani. Kata kipande chenye vifundo vitatu, viwili vifukie.